Mbegu Inayolala Imejikunja

"Mzee, usijisumbue. Hapo hakuna kitu," mtu wa maabara aliniambia huku akivua glavu.

Nikamwomba anipishe nichungulie mwenyewe. Akacheka, si kwa ubaya. "Hii si ile ya kuangalia twiga kule parki, mzee wangu." Lakini asubuhi hiyo hapakuwa na foleni, na nadhani alinihurumia, akasogeza kiti. Nikavua kofia. Nikaweka macho kwenye hadubini, nikashika kile kigurudumu cha kando, nikakizungusha polepole mpaka ukungu ukaondoka. Hapo akaacha kucheka. Aliona hii si mara yangu ya kwanza.

Niliona uwanja mweupe. Uchafu mdogo mdogo hapa na pale, kitu kama ngozi iliyobanduka, kiputo cha hewa. Nikasukuma kioo upande huu, nikakisukuma upande ule, kama mtu anayetafuta mbuzi wake bondeni wakati wa kiangazi. Hakuna kilichokimbia. Hakuna hata kilicholala. Kule Ndabibi nilikuwa nimeona mbegu za buibui dume mwenye tumbo dogo kuliko punje ya mchele, zimejaa kwenye tone moja mpaka zinapandana. Buibui wa msimu mmoja tu. Na mimi, mwanamume mzima mwenye mvi, uwanja wangu ulikuwa mtupu.

"Kwa kawaida zinakimbia kama viluwiluwi," akasema nyuma yangu.

"Najua."

"Lakini watoto unao, sindio? Wakubwa?"

Nilikuwa namfikiria mwanamke mmoja anayeuza kabichi Njoro, ambaye watu wanamwita tasa mpaka leo. Nikalipa, nikatoka nje, nikasimama kando ya barabara katikati ya Nakuru. Watu walinipita wakinigonga na mifuko yao. Nilitoa simu mfukoni nikaishika mkononi. Sikuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia.

Huyo mwanamke alikuwa mke wangu.

Nilimuoa nikiwa na nguvu. Shule niliachia darasa la sita, mama alipokufa, na nilipokomaa nikateremka Naivasha kutafuta kazi ya maua kama kila mtu wa rika langu. Yeye aliandikwa upande wa kupanga waridi, kupima urefu wa shina na kufunga mabando. Mimi niliwekwa kwa watu wa dawa. Tulikuwa kikosi kidogo, tunavuta mpira mrefu wa kupigia dawa ndani ya grinihausi, zile nyumba za plastiki za maua, mmoja mbele na mwingine nyuma akiuzuia usivunje mashina. Jioni nilirudi nyumbani ovaroli imeloa, yeye akaifua kwa mikono yake kwenye beseni lile lile tulilofulia shuka.

Sheria ya grinihausi ni moja na kila mtu anaijua. Mlango uliopigwa dawa unawekewa kibendera chekundu. Kikiwa hapo, hakuna kuingia. Kila dawa ina saa zake, nyingine mpaka kesho yake, na mwenye kukiweka na kukitoa ni supavaiza peke yake.

Supavaiza wetu alikuwa mtu wa vichekesho. Ikifika Februari, wakati wazungu wanataka waridi za wapenzi wao, na ndege inangoja, hizo saa alizikata kama mtu anayekata kona. Alikuwa anakichomoa kile kibendera dawa bado inadondoka kwenye majani, anakikunja, anakisunda ndani ya gambuti lake la mpira, halafu anapiga makofi.

"Haya, ingieni! Ingieni! Hii dawa ni ya wadudu. Nyinyi ni wadudu?"

Tunacheka. Tunaingia. Macho yanawaka, mate yanakuwa machungu kama umelamba betri. Maski ya maana, ile yenye makopo mawili mashavuni, ilikuwa moja, na aliivaa yeye. Sisi tulifunga kitambaa.

Na jioni, maziwa. Mtu yeyote aliyefanya kazi ya maua anajua habari ya maziwa. Tulipanga laini nje ya stoo, kila mtu akapewa pakiti yake, na supavaiza akasimama pale kama mama mwenye watoto wagonjwa. "Kunywa yote, nikiona. Maziwa inaosha mpaka mfupa." Hatukubisha. Hata nyumbani kwetu mbwa akila sumu alimiminiwa maziwa. Ilikuwa imani ya baba zetu kabla haijawa ya kampuni, na ndiyo maana ilituingia kirahisi. Mtu alikuwa akivuta dawa mchana kutwa, akishakunywa pakiti yake anapangusa mdomo na kujiona ameoshwa.

Siku nyingine nilinywa nusu, nusu nikaibana kwapani ndani ya ovaroli nikampelekea mke wangu. Nilifikiri yeye ndiye atahitaji nguvu akishika mimba. Alichemshia chai. Zile pakiti tupu alizisuuza, akazijaza mchanga na samadi, akapanda miche ya sukuma wiki na mti wa matunda damu, akazipanga kwenye ukuta wa nyumba yetu ya kampuni kama wanafunzi paredi. Alikuwa na mkono mzuri. Kila alichopanda kiliota.

Mimba haikuja.

Niliwahi kwenda kwa nesi wa kampuni. Nilikuwa na maumivu chini, kwenye korodani, yale ya kuvuta kama uzi. Nikamwambia, na nikamwuliza kwa aibu kama hii dawa inaweza kumzuia mtu kupata mtoto. Hakuinua hata uso. "Wewe ni dume, huoni? Meza hizi mbili urudi kazini." Kati ya walioniharibia nyumba, nesi huyo namtaja wa pili. Supavaiza ni wa kwanza.

Wa tatu ni dada yangu mkubwa.

Dada ndiye aliyenilea, na kwa hilo nilikuwa sina mdomo mbele yake. Ana nyumba mtaa wa Section 58, Nakuru, ana makochi yenye vitambaa vya kusuka, ni mtu wa kamati kanisani. Alipoona mwaka unafuata mwaka, aliteremka Naivasha na shauri lake. Akamchukua mke wangu, akampeleka kwenye maombi ya kufunga. Akampeleka kwa mama mmoja wa kukanda tumbo, ambaye alimkanda mpaka akalia. Akampeleka kunywa mizizi. Mimi hakunipeleka popote. Siku moja mke wangu alithubutu kusema, tena kwa heshima zake zote, "Dada, labda na yeye apimwe."

Dada akaweka kikombe chini. "Shamba likikataa kuota, utalaumu jembe? Kwetu hakuna mwanamume mkavu. Hajawahi kuzaliwa."

Walimrudisha kwao Februari. Mimi nilikuwa kazini, hata Jumapili tulikuwa kazini, ndege inangoja. Dada alikuja na pikapu na akina mama wawili wa ukoo, wakapakia vitu vyake, wakampandisha mbele. Niliyasikia baadaye kwa watu waliokuwako. Walifika Njoro watu wakiwa wametoka kanisani, wakasimama kwenye boma la baba yake, majirani wote wanasikia, dada akasema: "Tumewaletea mtu wenu. Hajaharibika popote, ila hazai."

Nilirudi jioni nikiwa na nusu pakiti kwapani. Kitanda kilikuwepo, shuka hakuna. Ukutani zile pakiti zake za miche zilikuwa bado zimejipanga. Nilizimwagilia maji kila siku, sikujua kitu kingine cha kufanya. Zikaanza kukauka moja baada ya nyingine. Mimi sina mkono ule.

Miaka iliyofuata siioni vizuri. Kuna mwanamke mwingine alikuja akakaa, akaona kimya cha nyumba, akaondoka. Kifua kilianza kunipiga, kampuni ikanionyesha geti. Katika kikosi chetu cha mpira wa dawa, mmoja alikufa akikohoa. Mwingine hana mtoto kama mimi, tulikutana Gilgil tukaongea habari za mvua. Nilichoma makaa, nikalinda mahindi ya watu, mwishowe nikapata kazi ya kulinda nyumba ya zamani ya mzungu kule Ndabibi, yenye bati jekundu na miti ya mipepari. Mwenye nyumba anaishi Nairobi. Nilikuwa mimi, upepo, na ng'ombe wa watu wakipita.

Ndipo akaja daktari wa buibui.

Alikodi ile nyumba na masanduku yake. Mwanamke wa kwetu huku, umri wa mtoto ambaye ningekuwa naye, nywele fupi, suruali ya mifuko mingi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mzee, unaogopa buibui?"

"Mimi naogopa watu, daktari."

Alicheka sana. Akaniambia basi nimepata kazi ya pili.

Kazi ilikuwa kukusanya. Asubuhi, umande ukiwa bado, natembea kwenye miti ya migunga na kwenye ua wa waya na vikopo mfukoni. Alitaka hasa yule wa utando mkubwa wa rangi ya manjano, ule ukikupiga usoni unausikia ukikatika. Jike ni mkubwa kama kidole, amekaa katikati kama mwenye hoteli. Dume ni kitu kidogo chekundu pembeni, utadhani ni mabaki ya chakula. Huyo dume ndiye alitafutwa. Daktari alikuwa anasomea mbegu za madume, tangu zinapoanza tumboni mpaka zinapotoka. Aliposema hivyo nilitazama chini. Kwetu mtu haongei hayo na binti. Lakini yeye aliyataja kama mtu anayetaja viazi, na baada ya siku chache aibu ikaniisha.

Alikuwa anampasua dume chini ya kioo kwa sindano nyembamba, halafu ananiita. "Njoo uone, mzee. Hii mirija miwili, kama nyuzi zimejikunja, ndio kiwanda."

Nikachungulia. Mara ya kwanza niliona kope zangu tu. Akanifundisha kutulia.

Ndivyo nilivyojua. Mbegu ya buibui haizaliwi ikiwa na umbo lake. Inaanza mviringo, nyingi pamoja ndani ya kifuko kimoja, kama mtama mkononi. Kisha inaota mkia. Kisha kichwa kinarefuka, kinabanwa, kinakuwa chembamba, wakati mwingine kimepinda kama skrubu. Ndani ya ule mkia kuna nyuzi ndogo ambazo kioo chetu hakikuweza kuzionyesha. Alinionyesha picha iliyopigwa na mashine kubwa. Nyuzi zimezunguka duara, na katikati nyingine tatu. "Za mtu katikati ni mbili," akasema. "Za buibui ni tatu. Usiniulize kwa nini. Mungu tu ndiye anajua."

Lakini kilichonikamata mimi ni mwisho wake. Ukiona mkia mrefu namna ile unatarajia mbio. Haikimbii. Ikishakamilika inajikunja. Kichwa na mkia vinazungukana mpaka inakuwa mpira, na ule mpira unafungwa na ganda jembamba, kila moja na ganda lake. Kuna aina nyingine za buibui, alisema, ambao wanafunga nyingi ndani ya ganda moja. Huyu wetu ni kila mmoja na blanketi lake.

"Zimekufa?" nikauliza.

"Zimelala. Zinalala hivyo mpaka zifike ndani ya jike. Hapo ndipo zinafunguka."

Na namna ya kufika kwa jike ni maajabu. Tuliwahi kumwona dume mmoja ndani ya kisanduku akifanya. Alisuka kitambaa kidogo, kidogo kuliko ukucha, akakigusa kwa tumbo, akaacha tone. Halafu akageuka akalinyonya lile tone kwa vile vimikono viwili vya karibu na mdomo, huku na huku, polepole, kama nesi anayevuta dawa kwenye sindano. Akishajaza vimikono, amebeba ukoo wake wote mkononi. Anakwenda kumtafuta jike, na mara nyingi jike anamla.

"Ona huyu anavyojitayarisha kwenda kuliwa," daktari akasema.

"Si afadhali yeye," nikasema. "Analiwa akiwa amewekeza."

Alicheka, kisha akanitazama. Nikarudi kwenye vikopo vyangu.

Neno lile, zimelala, lilinifuata chumbani kwangu. Nilikaa nalo siku nyingi. Nilikuwa nikipika ugali wangu wa mtu mmoja nawaza, huenda hata mimi. Huenda ile dawa haikuua. Huenda zimejikunja tu mahali, kila moja na blanketi lake, zinangoja. Mtu aliyekaa peke yake muda mrefu anaamini vitu vya ajabu. Asubuhi moja, nikiwa nasafisha vikopo kwenye ngazi, nikamwuliza kama mzaha.

"Daktari, na za mtu zinaweza kulala hivyo? Miaka mingi, halafu ziamke?"

Akaacha alichokuwa akifanya. "Hapana, mzee. Mtu hana hiyo. Za mtu zinatengenezwa kila siku, na kama hazitengenezwi, hazipo." Akafikiri kidogo. "Hata huyu wetu wa manjano, akishakomaa ile mirija inanyauka. Kiwanda kinafungwa. Alichobeba kwenye vimikono ndicho alichonacho mpaka afe. Kwa nini unauliza?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini yeye. Nilimweleza kibendera, maziwa, dada, pikapu. Jua lilipanda tukiwa tumekaa pale kwenye ngazi.

"Ulipimwa lini?"

"Mimi? Sijawahi."

"Na mke wako alipimwa?"

"Aliombewa."

Hakucheka. Akasema, bila kuinua sauti, "Mzee, nenda Nakuru ukapimwe. Ni kitu cha asubuhi moja." Miaka yote ile, kati ya watu wote waliokaa kikao juu ya nyumba yangu, ukimtoa mke wangu, yeye alikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Basi nikaenda, na nimekwisha sema nilichoona.

Daktari wa hospitali aliyenipokea na majibu aliniuliza kazi niliyofanya ujanani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Akasema kuna dawa za shamba zinazoweza kufanya hivyo, lakini sasa, baada ya muda huu wote, hakuna anayeweza kuapa. "Inawezekana," akasema. Nilipanda gari na ile inawezekana mpaka Ndabibi. Dada na wenzake waliapa juu ya mke wangu bila hata inawezekana.

Nilimtafuta Njoro siku ya soko. Nilimwona kabla hajaniona. Amekaa kwenye kreti lililogeuzwa, kabichi zimepangwa mbele yake, ziko sawa, kama alivyokuwa akipanga miche. Hakuolewa tena. Nani angemuoa baada ya maneno yale? Amelea watoto wa ndugu zake, wanamwita shangazi, na wakikasirika wanamwambia hajui uchungu wa mama.

"Unataka ngapi?" akauliza, kisha akainua macho. "Umezeeka."

"Na wewe umekaa vizuri."

"Wacha uongo. Unataka nini?"

Nikachuchumaa pale kati ya kabichi nikamwambia. Nilimwambia juu ya ule uwanja mweupe. Nikamwambia, haikuwa wewe. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi lile neno njia nzima, nikidhani likitoka kitu kitafunguka.

Alikuwa akibandua majani makavu ya kabichi moja, anabandua tu, mpaka kabichi ikabaki ndogo.

"Mimi nilijua," akasema. "Unafikiri mimi sikujua? Kila nilichoshika kiliota. Sasa unaniambia hapa, tumeinama kama wezi. Wale walisema wakiwa wamesimama. Walisema baba yangu akisikia. Alikufa akijua alizaa mti mkavu. Neno lako la kunong'ona nitalifanyia nini?"

"Nifanye nini basi?"

"Walirudishe lile neno mahali walilitoa. Waseme wakisimama." Akaniwekea ile kabichi ndogo kwenye mfuko. "Beba. Hii haiuziki tena."

Nikaenda Section 58. Dada sasa anatembea na fimbo, sukari imemshika, lakini mdomo ni ule ule. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vinacheza na kitambaa cha kochi.

"Kwa hivyo unataka niende Njoro na uzee huu nikaseme nilikosea, kwa sababu umeona buibui?"

"Dada, nilipimwa."

"Ulipimwa sasa. Wakati ule je? Labda ulikauka juzi na makaa." Akaona uso wangu, akalegea kidogo. "Niletee mtu aliyekuwa pale. Aseme ni dawa, na mlikuwa mnaingizwa ndani yake. Sio wewe na wadudu wako. Akisema, naenda Njoro kwa magoti. Sisemi mchezo."

Dada ni mkali, lakini akiapa haruki kiapo. Ndipo nikaenda Kikopey.

Nilikuwa nimesikia siku nyingi kwamba supavaiza ana bucha na jiko la nyama pale barabarani. Nilimkuta amevaa koti jeupe, tumbo mbele, anaita wasafiri wa magari madogo wanaoegesha. Moshi umejaa, mafuta yanalia kwenye makaa.

"Boss! Karibu, boss wangu! Tukupimie mbavu? Leo iko laini mpaka haitaki meno."

Hakunitambua. Nikasema jina la grinihausi yetu, ile ya mwisho karibu na maji. Akakodoa macho.

"Ala! Mtu wa mpira! Wewe uko hai?" Akanipiga bega. "Bado unanuka dawa, ujue! Kaa chini, kaa! Wewe, leta mutura hapa!"

Nilikaa. Nikamwambia habari yangu yote, tena kwa upole, kwa sababu nilikuwa nahitaji kitu kutoka kwake. Alipoelewa ninaelekea wapi, kicheko kilitoka usoni mwake polepole.

"Hayo ni ya zamani, mzee."

"Kwangu ni ya leo."

"Hata mimi nilikuwa ndani mle. Na mimi nimezaa nyumba imejaa!"

"Ulikuwa ndani na maski. Ilikuwa moja."

Akageuza macho akaangalia barabara. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia, na alikisema kwa moyo, kama mtu anayeonewa. "Lakini tuliwapa maziwa! Mimi mwenyewe nilisimama hapo kila jioni. Kuna siku stoo ilinyimwa, nikagomba mpaka mkapewa. Hiyo hukumbuki?"

Naikumbuka. Na hapo ndipo nilipoona kwamba mtu huyu amelala usingizi mzuri miaka yote. Kila akikumbuka kibendera ndani ya gambuti, anakunywa yale maziwa yetu na kujiosha nayo.

"Nani alikuwa anakuambia utoe kile kibendera?" nikamwuliza.

"Ofisi. Ofisi ilikuwa inataka maua. Wakubwa wenyewe walishaenda zao."

"Basi kuja Njoro useme hivyo. Tu hivyo. Kwamba ulikitoa dawa ikiwa bado, na ni nani alikutuma."

"Mbele ya wanawake? Wewe unataka nijifunge kamba?" Akasimama, akapangusa mikono. Akamwambia mtu wake anifungie nyama kwenye gazeti, kipande kizuri, cha mguu. "Chukua hii, ya bure. Enda ukule, urudishe damu. Mambo ya Mungu tumwachie Mungu."

Gari likaegesha. Sauti yake ikapanda tena, "Boss! Karibu, boss wangu!" Niliiacha ile nyama mezani, mafuta yanaloanisha gazeti.

Daktari wa buibui amemaliza kazi yake, ameondoka na masanduku. Aliniachia kikopo kimoja, kitupu. Asubuhi natembea kwenye ua kwa mazoea, nawaangalia wale madume wadogo pembeni ya utando, kila mmoja amebeba vyake, na nawapita. Nikirudi nyumba ni kimya. Ile kabichi ya Njoro niliila siku mbili.

Sasa nakuambia wewe, supavaiza, kwa maandishi haya, na watu wako watakusomea kama macho hayakuruhusu. Nyama yako siitaki. Pesa sijakuomba. Watoto wangu huwezi kuwarudisha, na sijaja kuwadai. Nesi wako nitamtafuta baadaye, na hao wa ofisi walioenda zao, taja wewe walikokwenda. Lakini kibendera kilikuwa mkononi mwako. Dada yangu anangoja neno lako ndiyo apige magoti. Mke wangu yuko pale, siku ya soko, kwenye kreti lake, na baba yake amezikwa hapo juu tu ya barabara. Vaa hata lile koti lako jeupe. Kuja usimame mahali dada na wenzake waliposimama, useme kwa ile sauti unayoitia magari: ni mimi nilikitoa.

Unakuja lini?